Wake Wenza wa Sandukuni

Niliota jana, tena si usiku. Ilikuwa saa nane mchana, nimejinyoosha kitandani na baibui langu mwilini, begi la bluu miguuni, nasubiri basi la saa kumi la kwenda Pangani kwa mama yangu. Nilikuwa na hasira mpaka zikanichosha, usingizi ukanipitia.

Niseme kwanza kilichonikasirisha, maana ndoto bila ugomvi wake haieleweki. Mume wangu Mbwana ni fundi redio hapa Tanga, na wiki tatu hizi alikuwa akijitengenezea sanduku la kupandishia na kushushia sauti ya redio yetu ya sebuleni. Redio yenyewe ina kitufe chake cha sauti, kizima kabisa. Ati kinakwaruza. Basi ndani ya sanduku ametia swichi sita za sumaku, mafundi wanaziita rilei, na kila moja ikishika inasema "tak". Ya kwanza hupandisha sauti ngazi moja, ya pili mbili, ya tatu nne, ya nne nane, ya tano kumi na sita, na ya sita, kubwa lao, thelathini na mbili. Ukizichanganya unapata ngazi yoyote uitakayo, toka sifuri mpaka sitini na tatu. Nayajua haya yote kwa kuwa wiki tatu nzima sikuambiwa jingine.

Ila sanduku lilikuwa na ugonjwa. Sauti ikitoka ngazi ya thelathini na moja kwenda thelathini na mbili, spika zinapiga kishindo cha kumtoa paka mbio. Zile tano ndogo zinaachia, ile kubwa inashika, na hapo katikati, kufumba na kufumbua, hakuna anayeshika kitu. Pengo hilo ndilo Mbwana alilokuwa akiliinamia kila siku toka alasiri mpaka isha. Alizipuliza zile rilei vumbi, taratibu, midomo kaichongoa. Mie hata chai ya moto hajawahi kunipulizia.

Jumamosi nilipakwa hina kwa ajili ya harusi ya binamu yangu, mikono yote miwili mpaka viwikoni, na kwenye kidole gumba cha kulia mpakaji akanichorea ua moja la asumini, peke yake, zuri ajabu. Nikaenda kwa Mbwana nikamnyooshea mikono. Hakuinua kichwa.

"Saumu," akasema, "sogea kidogo, unanizibia mwanga."

Nilikwenda nikajifunga kanga iliyoandikwa WANGU PEKE YANGU USIJISUMBUE, nikapita nayo mbele ya lile sanduku mara saba. Ndiyo, nililirushia kijembe sanduku! Ningefanyaje, na ndilo lililoniibia mume?

Jumanne, yaani jana, nikafunga begi. Nimeshakwenda kwetu kwa hasira mara mbili. Mara ya kwanza Mbwana alinifuata siku ya tatu, kashika kilo mbili za sukari na uso wa aibu. Mara ya pili alinifuata siku ya saba. Mara hii niliogopa, nasema kweli ya Mungu, kwamba hatakuja kabisa, kwa kuwa sasa ana wa kukaa naye. Lakini kwenda nitakwenda. Nikajilaza, nikasubiri saa.

Begi likakohoa.

"Bi Saumu," likasema, "mimi niko tayari. Ila itabidi tupitie sandukuni. Barabara ya kawaida imechimbwa."

"Sandukuni nitaingiaje na mwili wote huu?"

"Kwa miguu," likasema begi.

Niliona ni jibu la maana. Nikalibeba, nikatoka sebuleni. Mbwana hayupo. Sanduku liko mezani, na kwenye pembe zake nne wamekaa skrubu wanne, askari wa zamu, kila mmoja ana mfereji mmoja kichwani. Wakaniambia hakuna anayeingia humu kabla hajalegea. Wakanishika mabega, wakanizungusha kushoto mara sita. Nikalegea, nikaingia.

Ndani ni ukumbi mpana, sakafu ya kijani iliyopitiwa na vijia vya shaba. Kunanuka lehemu, harufu ya mashati ya mume wangu. Kuna vyumba sita visivyo na milango, na katika kila chumba kuna mwanamke. Wa kwanza ana urefu wa kijiko cha chai. Wa pili ni mara mbili yake, wa tatu mara mbili ya huyo, na hivyo hivyo mpaka wa sita, ambaye amejaa chumba chake hata bega moja limetokeza dirishani. Wote wamevaa mabaibui meusi ya plastiki na wana miguu minane minane. Kiunoni kila mmoja amezungushiwa uzi wa shaba, mizunguko elfu mbili. Mie shanga zangu ni nyuzi tatu tu. Nikalinganisha, nikaumia.

"Karibu, mke mwenza," wakasema wote kwa pamoja.

Wivu ukanipanda mpaka masikioni. "Mke mwenza wa nani? Mie nimeolewa peke yangu, na mashahidi wangu wako hai!"

"Sisi hatujaolewa," anasema yule mdogo wa kijiko. "Sisi tumetiwa lehemu. Hatutoki."

"Na kanga yako tuliisoma," anasema wa pili. "Mara saba. Tuliielewa toka ya kwanza. Lakini sisi hatujisumbui, dada. Anatusumbua yeye."

Nikajifanya natazama ukumbi. Katikati ya ukumbi pana kitanda cha kamba, na juu yake amelala bibi mmoja mwembamba, kichwa kimejaa manundu, kimefungwa bandeji kama kilemba. Nikauliza ni nani huyu. Wakaniambia ni Bibi Sauti, ndiye anayepandishwa na kushushwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja kunishika au unapita?"

"Napita, Bibi. Nakwenda kwetu Pangani."

"Kila mtu anapita," akasema, akageukia ukutani.

Mara sauti ya Mbwana inatoka darini. Na ni ile sauti laini, yenye asali, ambayo mie niliisikia mara ya mwisho mwaka tuliooana.

"Saba," anasema.

Tak, tak, tak! Wa kwanza, wa pili na wa tatu wanainuka, wanashika miguu ya kitanda, wanampandisha Bibi ngazi saba kamili. Bibi anaanza kuimba kidogo, kwa tahadhari.

"Kumi na mbili."

Wa kwanza na wa pili wanaachia na kurudi vyumbani, wa nne anakuja kumsaidia wa tatu. Hakuna anayenuna wala kuuliza mbona mwenzangu kaitwa mimi sikuitwa.

"Hamuoneani wivu?" nikauliza.

"Hatukuwekewa," anasema wa tano. "Sisi ama tumeshika, ama tumeachia. Wivu unahitaji mahali pa katikati, na fundi hakutuachia nafasi."

"Lakini anawaita kwa namba tu," nikasema, maana nilitafuta pa kuwauma. "Mie ananiita kwa jina langu."

"Amekuita lini?"

Nikakumbuka. "Jumamosi. Alisema, Saumu, sogea kidogo."

Wakatazamana. Wa kijiko akanionea huruma, na hapo ndipo hasira zilipozidi, kuonewa huruma na kitu cha urefu ule.

"Thelathini na moja," inasema dari.

Wanatoka wote watano. Kitanda kinapanda mpaka usawa wa kifua changu. Bibi Sauti anashika kingo za kitanda kwa mikono miwili, anafumba macho, anaanza kusoma dua.

"Thelathini na mbili."

Watano wanaachia papo hapo. Wa sita bado amekaa chumbani mwake, anajitengeneza ushungi. Kitanda kinakwenda chini na Bibi wake. Puuu! Kishindo kinatikisa sakafu. Kisha yule wa sita anakuja, pole pole, anakiinua kitanda chote peke yake kwa mkono mmoja. Bibi anatema jino.

"Hilo la tatu tangu Ijumaa," akasema.

Lo! Nikamgeukia yule mkubwa. "Wee mwanamke, kwa nini hukuja mapema? Umemuona bibi wa watu anaanguka!"

"Nije wakati wenzangu bado wameshika?" anasema, shingo kaipinda. "Nina heshima yangu. Waachie kwanza. Wakishaachia, na pakawa hapana mtu, ndipo nitajua kwamba mimi ndimi ninayetakiwa."

"Na nyinyi?" nikawauliza watano. "Hamuwezi kungoja kidogo afike?"

"Tungoje vipi, na zamu ni yake?" wakasema. "Anayekaa katika zamu ya mwenziwe hana adabu."

Kila mmoja alikuwa na haki yake, na Bibi alikuwa na nundu jipya. Nikamtazama tena yule wa sita. Nikaona kitu ambacho sikukiona mwanzo: ana hina mpaka viwikoni.

"Nani kakupaka?"

"Nilijipaka mwenyewe, Jumamosi," anasema. Sauti yake imeshuka. "Nikamnyooshea fundi mikono. Akaniambia nisogee, namzibia mwanga."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Anawaambia wote. Juzi aliiambia taa isogee."

Nilitaka kufurahi nikashindwa. Wiki tatu nimemchukia huyu mwanamke, nimemtukana moyoni kwa matusi ya kila namna, kumbe alilia kilio changu. Hata hivyo wivu haukuisha. Nilimwonea wivu kwa kuwa alikuwa amelia karibu na Mbwana zaidi.

Nikafungua mdomo nimjibu, na tayari tupo Pangani, barazani kwa mama yangu. Hatukusafiri. Sakafu bado ni ya kijani. Mama anapepeta mchele, na mahali pa uso wake pana mita, ile mita ya mafundi ya kupimia umeme, ina kioo, namba na mshale mmoja mwekundu.

"Umekuja tena," anasema Mama.

"Nimekuja, Mama. Mara hii sirudi."

Mshale unaruka kulia mpaka mwisho, unagonga ukingo, unatetemeka.

"Humtaki tena?"

"Simtaki. Ng'o! Hata akija na gunia zima la sukari."

Mshale unagonga tena, sasa kioo kinapata ufa. Mama anakipangusa kwa pindo la kanga.

"Mwanangu, utanivunja uso," anasema. "Sema kitu cha kweli angalau kimoja, nipumzike."

Mchele unaruka na kushuka kwenye ungo. Mwisho nikasema, "Ninaachia ili nione kama atashika. Naogopa safari hii hatashika."

Mshale ukarudi taratibu, ukasimama wima.

"Haya," akasema Mama. "Na huyu mwenzio naye amekuja kwa lipi?"

Nikageuka. Mwenye miguu minane amekaa nyuma yangu kwenye mkeka, wa sita, mkubwa lao, na ubavuni ana begi la bluu. Analia bila sauti. Amekuja kwao kwa hasira! Na sisi tungali tunatazamana, sauti ya Mbwana ikasikika toka mbali sana, ng'ambo ya mto:

"Thelathini na moja."

"Mungu wangu," nikasema. "Wewe uko huku, na inayofuata ni namba yako!"

"Waachie kwanza," anasema, anajifuta kamasi. "Wakiachia, na Bibi akaanguka, fundi atajua thamani yangu."

"Atajua, naye Bibi atakuwa kibogoyo!"

"Na wewe je? Si umefanya hivyo hivyo?"

Nilimkamata. Kidole gumba changu cha kulia kilizama mgongoni mwake, katika plastiki ya baibui, nikamvuta kwa nguvu zangu zote. Mzito kuliko kabati la mninga. Miguu yake minane ilikwaruza baraza, mabegi yetu mawili yakabaki yanaongea na Mama. Hatua moja tu na tumo tena ukumbini. Kitanda kiko juu. Watano wameshika, na wa kijiko anatokwa jasho.

"Thelathini na mbili," inasema dari.

"Msiachie!" nikapiga kelele.

"Ni zamu yake," wanasema, na vidole vyao vimeshaanza kulegea. "Hatuwezi kushika katika zamu ya mwenzetu. Nani ametupa ruhusa?"

Mwanamke mwenye wivu kama mie, kutamka neno lile! Lakini Bibi alikuwa ananitazama toka juu, mdomo wazi, meno yamebaki machache.

"Mie," nikasema. "Mie mke wa ndoa. Nimewaruhusu. Shikeni mpaka mwenzenu afike."

Wakashika. Nikauchukua mkono wa yule mkubwa, nikaubandika kwenye mguu wa kitanda, mkono wangu juu ya wake. Anakataa, anang'ang'ana, anasema hawezi kushika kilichoshikwa. "Shika," nikamwambia, "shika kwanza, watakaoachia wataachia wenyewe!" Na nilipomwambia hivyo nikajisikia aibu, sijui kwa nini.

Tak.

Akashika. Kwa kitambo kidogo tulikuwa tumeshika wote, wake wenza sita na mie wa saba, na kitanda kikapanda mpaka Bibi Sauti akagusa dari kwa paji la uso.

"Kumbe huku kuna hewa," akasema Bibi.

Kisha watano wakaachia, mmoja mmoja, bila haraka. Kitanda kikashuka mpaka mahali pake, kikatulia juu ya mkono wa yule mkubwa. Hakikulia kitu. Bibi akangoja kishindo, hakikuja. Akafungua jicho moja, halafu la pili, akaimba kwa sauti nzima ya ujana wake, na wale skrubu wanne nje wakatingisha vichwa. Mie nilikuwa bado nimeukamata ule mkono. Ulikuwa wa moto.

"Ahsante, mke mwenza," akaninong'oneza.

"Usinizoee," nikamwambia.

Nikaamka.

Saa ya ukutani ilikuwa tisa na nusu. Begi lilikuwa miguuni pangu, limenyamaza. Sebuleni redio ilikuwa inaimba, na Mbwana alikuwa anaita. "Saumu! Saumu! Hebu njoo usikie!"

Nilibeba begi langu kwa mkono wa kushoto, nikatoka. Sikutaka adhani nimeitwa nikaja. Nilitaka ajue napita.

Alikuwa amesimama, shavu lina alama ya ukingo wa meza, kumbe na yeye alisinzia. Akazungusha kitufe cha sanduku. Thelathini. Thelathini na moja. Nikakaza meno. Thelathini na mbili.

Tak, basi. Sauti ilipanda kama maji.

"Sijagusa kitu," akasema. "Wallahi, Saumu, nimelala dakika ishirini, nimeamka limepona. Ngoja nilitazame."

Akatoa bisibisi mfukoni, akalegeza skrubu nne, akafunua kifuniko. Akainama kama kawaida yake. Halafu akainuka, akanitazama usoni, akainama tena.

"Umelifungua sanduku hili?"

"Bisibisi unalala nayo mfukoni. Ningelifungua kwa meno?"

"Basi hiki ni nini?"

Nikasogea. Rilei ya sita, ile kubwa, mgongoni kwenye plastiki yake nyeusi ilikuwa na ua la asumini, dogo, la rangi ya hina, kila jani lake limekamilika. Nikakunjua kidole gumba changu cha kulia. Kilikuwa cheupe. Michoro yote ya mkono ipo, vikuku, majani, mpaka kiwikoni, ila pale gumbani ngozi tupu kama siku niliyozaliwa.

Mbwana akauchukua mkono wangu. Akaugeuza kwenye mwanga, akautazama juu, akautazama chini, akautazama kati ya vidole, kama anavyotazama vitu vyake.

"Hii hina umepaka lini?"

"Jumamosi."

"Leo siku gani?"

"Jumanne."

Uso wake ukawa ule wa sukari kilo mbili, na bado sijafika Pangani. Akainamisha kichwa, akakipuliza kidole changu gumba, taratibu, midomo kaichongoa. Huko barabarani basi la saa kumi lilipiga honi yake ya kwanza, ile ya kuita abiria wa mtaani kwetu, na Mbwana akalitazama begi kwa mara ya kwanza.

"Unakwenda wapi?" akauliza.

Lile sanduku nalionea wivu mpaka sasa hivi, msije mkadhani nimekuwa malaika. Nikaungoja mkono wake uushike wangu barabara, vidole vyote vitano, mpaka nikausikia umekaza. Ndipo nikaliachia begi.